Joto la Kioo

Mwaka 1988 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kazi niliyopewa ilionekana ndogo: kupaka kioo utando wa oksidi ya bati unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Huo ndio uso wa mbele wa seli nyingi za jua za utando mwembamba. Unene wake ni kama nusu mikromita. Unywele wa mtu unauzidi mara mia hivi.

Mitambo ya ombwe hatukuwa nayo. Tulikuwa na jiko la umeme, sahani ya chuma juu yake, na kinyunyizio cha kupuliza maji ya kloridi ya bati yaliyotiwa floridi kidogo. Kioo hutakiwa kiwe na joto la nyuzi 450 hivi. Matone yakikikaribia hugeuka mvuke, bati likashikana na oksijeni, klorini ikaondoka na mvuke wa tindikali ambao hadi leo nikiukumbuka koo huniwasha.

Wiki tatu nzima nilipata ukungu. Vioo vilitoka vyeupe kama vimepakwa tui, na nikivigusisha sindano nne za kupimia, ukinzani ulikuwa mkubwa hadi mshale wa mita ukagota. Nikabadili vipimo vya dawa, nikaongeza floridi, nikasugua vioo kwa spiriti. Kumbe dawa haikuwa na kosa.

Asubuhi moja fundi wa maabara alisimama nyuma yangu, akatazama weee, kisha akauliza:

“Mwanangu, huo waya wa kupimia joto umeuchomeka wapi?”

“Kwenye sahani, mzee.”

“Basi unajua joto la sahani. La kioo je?”

Tukaubana waya juu ya kioo chenyewe. Sahani ilikuwa nyuzi 450, kioo 390. Na kila nilipopuliza joto lilizidi kuporomoka, kwani maji na upepo hupoza. Katika joto dogo hivyo klorini hubaki ndani ya utando, chembe hazikui, na floridi haipati nafasi ya oksijeni ili iachie elektroni za kubeba umeme.

Nikapandisha jiko, nikawa napuliza sekunde mbili, nasubiri kioo kirudi kwenye joto lake, napuliza tena. Siku niliyozidisha moto, matone yalikauka hewani yakaanguka kama unga. Lakini alasiri moja kioo kilitoka angavu, na nilipokiinamisha dirishani kikang’aa waridi na kijani. Ukinzani: ohm 14 kwa mraba. Fundi alikishika kwa ncha za vidole, hakusema neno, akacheka.

Somo hilohilo nililikuta baadaye niliposoma kazi ya 1975 ya Walter Spear na Peter LeComber wa Dundee kuhusu silikoni isiyo na fuwele. Silikoni ikivukizwa tu katika ombwe, viungo vyake vingi huachwa wazi na kuunasa umeme. Ikitolewa kwenye gesi ya silani kwa umeme, juu ya kioo kilichopashwa nyuzi 250 hivi, hidrojeni ya gesi hiyo hubaki ndani na kuviziba. Silikoni ni ileile. Kinachotofautiana ni namna ilivyowekwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mitambo mizuri kuliko jiko letu. Nawaomba, kila mnapoandika joto kwenye daftari, andikeni pia waya wa kulipimia ulikuwa umegusa wapi.