"Pole" Si Kukiri Kosa



Harusi na safari za mwaka huu zimeandikwa na wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Mimi nitazungumzia jambo lililokwisha kuzigusa nyumba zetu nyingi hapa Uingereza: magari yakigongana, nani mwenye kosa, na kosa lake lathibitishwa vipi.

Sisi watu wa pwani, mtu akipatwa na jambo, neno la kwanza ni "pole". Hatuulizi kwanza nani kaanza. Kwa Kiingereza neno la karibu ni "sori", nalo lina sura mbili: pole, na nisamehe. Hapo ndipo penye mtego.

Mwaka 2012, hapa Portsmouth, nilikuwa nikiendesha, na mama amekaa mbele pamoja nami. Nimekwisha kuingia kipilefti, mara kijana mmoja akaingia kutoka kushoto bila ya kusimama, akanigonga mlango wa nyuma. Kanuni ya hapa ni ile ile ya kwetu: anayeingia humpisha anayetoka kulia kwake. Mama alishuka, akamwona kijana anatetemeka, akamshika mkono: "Sori, mwanangu, sori." Akampa na maji ya kunywa.

Baada ya wiki tatu ikaja barua kutoka kampuni ya bima ya yule kijana. Eti mimi ndiye niliyemkata njia, na bibi aliyekuwa garini mwangu aliomba radhi pale pale. Mama aliposomewa alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hapa mtu akifikwa, tumpite tu?" Fedha za matengenezo zingepatikana, neno lile la mama ndilo lililonichoma.

Tukajibu kwa ushahidi. Kwanza, picha nilizopiga kabla magari hayajasogezwa: bampa lake la mbele limeingia mlango wangu wa nyuma, maana yake mbele ya gari langu ilikwisha kumpita. Pili, vipande vya taa yake vilivyoanguka ndani ya kipilefti. Tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja basi, ambaye hatujuani naye. Nilichukua jina lake na simu yake. Shahidi wa nje ana uzito kuliko mama mzazi. Na juu ya lile neno la mama, sheria ya fidia ya mwaka 2006 ya England na Wales, kifungu cha 2, yasema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Baada ya miezi minne wakakubali kosa lote ni la mtu wao.

Jamaa, yafaa tujue haya. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 yataka usimame, utoe jina, anwani na namba ya gari kwa mwenye haki ya kuuliza. Usipotoa pale, uende polisi upesi, wala zisipite saa 24. Andika saa, hali ya hewa, na uchore ramani siku hiyo hiyo. Usitie sahihi karatasi ya kukiri kosa. Ukiumia, muda wa kufungua madai kwa kawaida ni miaka 3. Na katika kesi ya madai hutakiwi uondoe kila shaka; yatosha uonyeshe kwamba maelezo yako yaelekea kuwa kweli zaidi kuliko ya mwenzio.

Kwa hivyo tuwafundishe vijana wetu mambo mawili pamoja. Wasiseme "kosa langu" kabla ya kujua kosa ni la nani. Lakini aliyefikwa wampe pole, na maji kama yapo, awe ni yeye aliyegonga au aliyegongwa. Sheria yenyewe haikukataza wema.

Nawatakieni nyote, wakubwa kwa wadogo, safari za salama.