Gari kuukuu likigonga, nenda Oldonyiro

Ukitaka kuijua injini ya gari lako kuukuu, usiishie gereji. Lipeleke Oldonyiro.

Oldonyiro ni kituo cha biashara magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, karibu na mipaka ya Laikipia na Samburu. Kutoka Nanyuki utapanda hadi Timau, uteremke kwa lami hadi mji wa Isiolo, kisha ushike njia ya vumbi inayopitia Kipsing. Utaona migunga, vilima vya mawe, na laga, yaani mito mikavu iliyojaa mchanga. Siku ya soko, Wasamburu na Waturkana huleta mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, nayo malori hungoja kuwapeleka mijini.

Mimi na rafiki yangu tulifika huko kwa Datsun 240Z ya mwaka wa 1972. Usicheke. Ni gari la michezo, la milango miwili na silinda sita, lakini mashimo na vumbi si vitu vigeni kwake. Ndilo lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta.

Shida ya rafiki yangu ilikuwa mlio. Leo injini inagonga, kesho imenyamaza. Fundi mmoja jijini alilisikiliza gari likiwa limesimama, hakusikia kitu, lakini akashauri injini yote ifunguliwe. Pesa alizotaja zingemaliza karo ya watoto ya mwaka mzima.

Nanyuki injini ilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Tulipoteremka Isiolo, jua likiwaka, ikaanza. Kufika karibu na Oldonyiro, kila tulipopanda kutoka ndani ya laga iligonga hata mbuzi wakageuka kututazama. Tukaegesha kando ya soko na kujiuliza: turudi tukiendesha, ama tulipe lori litubebe? Hilo si swali la mzaha. Ikiwa beringi za konrodi zimekwisha, kilomita chache zaidi zaweza kuvunja konrodi na kuitoboa injini.

Dereva mmoja wa lori la mbuzi, mtu wa makamo, alitujia.

"Mzee, inagonga lini?" akamwuliza rafiki yangu.

"Inagonga vibaya sana, ndugu yangu."

"Sikuuliza vipi, mzee. Nimeuliza lini."

Hapo ndipo penye siri, msomaji. Mlio unaokuja na kwenda hautafutwi kwa sikio peke yake. Angalia saa, angalia gea, angalia mlima.

Kama injini inagonga asubuhi ikiwa baridi, kisha inanyamaza ikipata moto, huenda pistoni zimelika na zinacheza ndani ya silinda. Hiyo yaweza kungoja kidogo. Kama unasikia kishindo gari linapoingia shimoni tu, kagua mipira inayoshikilia injini, pamoja na ekzosi, kabla ya kuilaumu injini yenyewe.

Kama mlio ni mzito, ko-ko-ko, unafuata mwendo wa injini hata gari likiwa limesimama, na geji ya presha ya oili inashuka, simama mara moja. Pima oili. Ikiwa ipo ya kutosha, zima injini, chomoa waya wa plagi moja, washa tena kwa muda mfupi, usikilize. Kisha zima, urudishe waya huo, uende kwa plagi inayofuata. Mlio ukipungua silinda fulani isipofanya kazi, beringi ya hapo ndiyo mgonjwa. Kodi lori.

Lakini kama ni mlio mwembamba, mfano wa njugu zikitikiswa ndani ya kopo, na huja unapokanyaga mafuta kupanda mlima injini ikiwa moto, basi petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda. Sababu huwa petroli hafifu au iliyochanganywa na mafuta ya taa, masizi ndani ya silinda, injini kuchemka, au cheche ya plagi kuja mapema mno.

Mlio wetu ulikuwa huo wa njugu. Geji ya oili haikutikisika. Petroli ilikuwa ile ile iliyotutoa Nanyuki kimya. Dereva akauliza taimingi ilitengenezwa wapi.

"Nanyuki," rafiki yangu akajibu, "ili gari lipate nguvu."

Dereva akacheka. Nanyuki iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na ya baridi, silinda hazijai sawasawa, na injini huvumilia cheche ya mapema. Isiolo iko takriban mita 1,100. Huko hewa ni nzito zaidi na joto ni kali, kwa hiyo cheche ile ile inakuwa ya mapema kupita kiasi. Ugonjwa ulikuwapo tangu Nanyuki, ila mlima uliuficha.

Alilegeza bolti ya distribyuta, akaizungusha kidogo sana ili kuchelewesha cheche, akakaza. Kisha akatuamuru turudi kwenye laga ile ile, kwa gea ile ile. Kimya! Angeweza kunyamaza apate pesa za kutubeba, lakini alikubali chai tu.

Usidhani mlio wa njugu ni mchezo. Ukiachwa, hutoboa pistoni, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla hujamlipa mtu kubomoa ukuta mzima, hakikisha ufa uko wapi. Fundi akikuambia injini ifunguliwe bila kukuuliza inagonga lini, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.