Weka Tisini

Mwezi uliopita, Alhamisi jioni, tukiwa mazoezini, nilimwambia kijana wetu wa kinanda: "Mchungaji akianza kuomba, toa piano, weka tisini."

Akanitazama. "Tisini ndiyo nini, anko?"

Nikamweleza kwamba ni stringi, ile sauti laini inayotandikwa chini ya maombi, isiyo na mdundo, unayoigundua pale tu inapokatika. "Aaa, pedi!" akasema. Akachomoa simu mfukoni, akagusa mara mbili, spika zikajaa. Simu ile ina mafaili kumi na mawili, faili moja kwa kila kii. Akailaza juu ya kinanda, akakunja mikono. Pedi ikawa inajipiga yenyewe, kijana akafungua chupa ya maji akanywa.

Hilo neno nalo. Enzi zetu kijana akitamka "pedi" mbele ya akina mama wa kwaya, mzee wa kanisa angemwita pembeni. Siku hizi linatangazwa kwenye maiki, "ongeza pedi kidogo," na hakuna anayecheka ila mimi.

Nianzie mbali kidogo. Kanisa nililobatiziwa lilikuwa na kinanda cha kukanyaga. Kwa ambaye hakukiona: miguu inasukuma upepo, upepo unapita kwenye ndimi za shaba, ndimi zinalia. Miguu ikisimama, wimbo unakata roho. Mwalimu wetu wa kwaya alivua viatu kwanza, akavipanga chini ya benchi, ndipo akafungua Tenzi za Rohoni. Beti zikiisha, mwinjilisti akiwa bado anatafuta miwani ili asome matangazo, Mwalimu hakuondoa mikono. Aliacha vidole viwili vimelala, akaendelea kukanyaga taratibu, kanisa likabaki limeshikwa na uzi mwembamba wa sauti. Hakuna aliyekipa kitu kile jina. Nilikuja kukitambua nikiwa mtu mzima, siku niliyobonyeza namba 90.

Tulikuwa tumeshahamia Kimara, kanisa la mabati kando ya barabara ya Morogoro, kwaya imegeuka kuwa "timu ya sifa." Nikisema ni 1997 mke wangu anabisha, anadai kifungua mimba wetu alikuwa ameshazaliwa. Ninachokumbuka ni mvua za El Niño zikipiga bati hadi mahubiri hayasikiki, na mvua zile zilianza mwishoni mwa 1997 zikavuka mwaka. Basi iwe popote hapo katikati.

Gitaa la besi tulikuwa nalo, dramu tulikuwa nazo, kinanda hatukuwa nacho. Tulikodi. Kila Jumapili alfajiri nilipanda daladala kwenda Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwenye chumba cha fundi redio chembamba kama njia ya kupita katikati ya viti vya basi. Huyu mzee ndiye hasa ninayetaka kumwandika, hayo mengine nayapitia tu.

Chumba kile kilikuwa na harufu mbili zilizogombana. Ya kwanza ni risasi inayoyeyuka, ile ya moshi mkali unaokuna koo, maana mzee aliamka na kuanza kuchomelea kabla jua halijatoka. Redio zilizofunuliwa matumbo zilirundikana hadi darini. Harufu ya pili ni udi. Udi ulitoka kwenye kinanda chenyewe, Yamaha ya funguo 61, jamii ya PSR, ambacho Jumamosi usiku kilikuwa kwenye taarabu au harusi, Jumapili asubuhi kikawa chetu. Kilirudi saa kumi alfajiri, mimi nikakichukua saa kumi na mbili. Funguo zilikuwa bado zinanata soda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemfuata bibi harusi?" Ndivyo alivyokiita. "Hajalala huyu. Usimchoshe."

Konda alinitoza nauli ya watu wawili, na alikuwa na haki, kwa sababu bibi harusi alilala kwenye mapaja yangu na ya jirani yangu. Tukifika kanisani, mchungaji alikiwekea mkono na kukiombea kabla hakijachomekwa kwenye umeme. Kila Jumapili. Hata hivyo udi haukutoka. Kina mama wa safu ya mbele walisema madhabahu inanukia kama nyumba ya mwari, na sikuwahi kumsikia hata mmoja akilalamika. Siku moja nikakuta noti ya shilingi mia tano imekwama kati ya funguo mbili. Wazee wa kanisa wakajadiliana kama iingie kwenye sadaka. Nikairudisha dukani. Mzee akaikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja juu ya meza. "Hii alituzwa mpigaji," akasema. "Kinanda hakituzwi." Akaiweka kando amsubiri mwenyewe.

Matatizo yalikuwepo. Mpigaji wa Jumamosi alikuwa na tabia ya kuhamisha kii kwa kitufe na kusahau kuirudisha, nami nilikuwa mpigaji wa kii moja, Do, funguo nyeupe tupu. Nilianza pambio kwa uhakika wote, kumbe kinanda kimepanda hatua tatu, waimbaji wakawa wanatafuta sauti kama watu wanaotafuta kiatu gizani.

Stringi nilizipenda tangu siku ya kwanza. Orodha ya sauti ilichapwa juu ya kinanda kwa herufi ndogo, na iliyotufaa ilikuwa ya 90. Timu nzima ikazoea: "Weka tisini." Baadaye sana nilijua kwa nini hata kwenye vinanda vya kampuni nyingine namba ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana orodha moja ya sauti 128: ya kwanza piano, ya 49 nyuzi za okestra, ya 53 sauti za watu, ya 90 hii yetu. Wapo wanaoanza kuhesabu kwenye sifuri, kwao ni 89. Stringi nono za wakati ule zilitoka kwenye mashine kama Roland D-50 ya 1987 na Korg M1 ya mwaka uliofuata. Sisi hizo tulizisikia kwenye kanda tu.

Asubuhi moja mvua ilinizuia dukani. Mzee akachomeka kinanda, akasema, "Hebu nisikie huwa unamfanya nini." Nikaweka tisini, nikapiga kodi zangu (za muziki, si za nyumba): Do, Fa, Sol, Do. Nilijiona nimefika.

"Unakohoa," akasema.

"Samahani, mzee?"

"Kila ukihama unanyanyua mkono mzima, kimya kidogo kinaingia katikati. Hicho ni kikohozi. Nani anaomba huku anakoholewa?"

Akanyoosha kidole ukutani. Nilikuwa nimepita chini ya ile fidla wiki nyingi bila kuiona: imebaki nyuzi mbili, vumbi limefanya ukoko. Kumbe mzee alikuwa mpiga fidla ujanani, enzi za vikundi vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan. "Tulikuwa fidla tano," akasema. "Sasa sikiliza. Upinde una mwisho, lazima ugeuze. Lakini hatukugeuza wote kwa pamoja. Mmoja anageuza, wanne wanashika. Msikilizaji hajui nani kageuza."

Akaniwekea vidole mwenyewe, kwa mikono yake iliyonuka risasi. Do, Mi, Sol. Unakwenda Fa? Do inabaki, maana imo na huko uendako, dole gumba lisinyanyuke. Mi inapanda kidogo iwe Fa. Subiri. Kisha Sol iwe La. Kutoka Fa kwenda Sol ndipo pagumu, hakuna sauti inayobaki. "Hapo utahama, lakini vidole vihame kwa zamu. Nyumba haihamwi na watu wote mlangoni kwa mara moja." Mkono wa kushoto akaupiga kofi dogo: huko chini ni kwa mwenye besi, unafuata nini?

Tulikaa hapo hadi mvua ikapungua. Nilichelewa ibada na nikasemwa mbele ya timu. Mzee alipokuwa anafunga kinanda kwenye gunia lake, akakitazama akaniambia, bila hasira, "Huyu ndiye aliyetufukuza kazi. Watu watano, kwa kitufe kimoja." Na ndiye aliyekuwa anamlisha.

Hivyo nilijifunza kupiga chini ya maombi ya kilokole kwa mpiga fidla wa taarabu, Mwislamu wa Kariakoo, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani kwetu. Sikumwambia mchungaji.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Tisini haifiki papo hapo. Unabonyeza, nayo inakuja kama maji ya bomba siku ya mgao, hewa kwanza. Ukisubiri hadi mchungaji aseme "tuombe," umeshachelewa. Unatakiwa ubonyeze pumzi moja kabla, na ili ujue ni lini, umsome mtu. Wangu alikuwa anavua miwani. Miwani ikivuka nyusi, vidole vyangu vilikuwa vimeshashuka, watu wakadhani muziki umeletwa na Roho.

Na mgao wa umeme. Kinanda kilikula betri kubwa sita, nazo hazikufa kistaarabu. Jioni moja ya mkesha, watu wamepiga magoti, wengine wanalia, betri zikashuka, kinanda kikazimika nusu sekunde na kuwaka upya. Kikiwaka upya kilirudi namba moja, piano. Mimi katika kuhangaika gizani kutafuta tisini nikabonyeza kitufe cha maonyesho, kile cha wateja wa dukani. Kikapiga muziki wa dansi, kwa sauti ya juu, na ngoma zake zote. Mtoto mmoja akaanza kucheza. Hadi leo kuna watu wa Kimara wanaonisalimia kwa kuuigiza mdundo ule.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Kanisa likanunua kinanda chake kutoka Dubai, udi ukaisha. Kikaja na pedali ya kushikilia sauti, na vidole vikawa wavivu, kwa sababu mguu sasa ulifunika vikohozi vyote. Ziliingia DVD za Joyous Celebration kutoka Afrika Kusini, kila mpiga kinanda akataka vinanda viwili, kimoja juu ya kingine. Barabara ikapanuliwa, alama ya X ikachorwa ukutani, bati letu likang'olewa, tukahamia ndani zaidi. Mzee wa Sikukuu nilisikia amefariki miezi kadhaa baada ya maziko. Nilipokwenda, chumba hakipo, kilipokuwa pana ghorofa, na chini wanauza makava ya simu. Harufu pale sasa ni ya plastiki mpya.

Nirudi kwa kijana. Nimtendee haki: anapiga kuliko mimi. Kii zote kumi na mbili ziko mikononi mwake, hahitaji kitufe cha kuhamisha, na akipiga piano ya polepole mimi mwenyewe huwa nafumba macho. Ndiyo maana faili lile linaniudhi zaidi. Nimelisikiliza kwa makini. Mara nyingi mafaili ya namna hii huachwa bila ile sauti ya tatu, ile Mi katikati ya Do na Sol, ili yafae wimbo wa furaha na wa huzuni vilevile. Kwa hiyo halicheki wala halilii, limejaa tu, kama friji inayonguruma jikoni.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimaliza kuomba, na kabla hajasema amina, bibi mmoja wa nyuma akaanzisha pambio kutoka moyoni. Mabibi hawana kii. Alianza mahali fulani chini ya La, kanisa likamfuata, faili likabaki kwenye La yake, limekomaa. Kwa muda wa ubeti mzima tulikuwa na ibada mbili zinazokwaruzana. Kijana alikuwa anasukuma kioo cha simu kwa kidole gumba, juu, chini, anatafuta. Nikatoka kwenye kiti changu, nikashusha sauti ya simu, nikamnong'oneza: "Msikilize bibi. Shika moja tu anayoishika yeye." Akaipata. Akashika moja, akaongeza ya pili. Alipohama, alinyanyua mkono mzima.

"Unakohoa," nikamwambia.

Alhamisi hii nitamwonyesha ile Do inayobaki. Kilichonishinda kumwonyesha ni fidla. Watoto wa mzee walihama Kariakoo na sikuwahi kujua walikoelekea. Msomaji, kama uliwahi kukodi kinanda Mtaa wa Sikukuu miaka ile, au kama una fidla nyumbani ya nyuzi mbili iliyotoka kwa fundi redio, naomba unitafute. Sitaki kuinunua. Nataka kijana aione.