Kitovu Hakikatwi Mara Mbili

Mimi ni mtu wa Maji ya Chai. Asiyeniamini namwonyesha meno yangu, na ubishi unakwisha. Ni ya kahawia, yana mistari na vishimo vidogo vidogo, kama ya wengi niliokua nao kando ya mto ule ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi. Floraidi iliyomo katika miamba na majivu ya kale ya Mlima Meru huyeyuka ndani ya maji, nasi tuliyanywa tangu tulipoachishwa ziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Ya mto wetu yanakipita kipimo hicho mara kadhaa. Jino la kudumu hujengwa ndani ya fizi katika miaka kama minane ya mwanzo ya maisha. Floraidi ikizidi wakati huo, jino hutoka likiwa limekwisha kuandikwa, na mswaki haufuti maandishi hayo.

Nilipopelekwa shule ya bweni katika mkoa mwingine, wenzangu walinipa jina la Kutu. Hilo nililivumilia, maana watoto ni watoto. Lakini mwalimu mmoja alisimama mbele ya darasa, akaninyooshea kidole, akasema kwamba mtu asiyejua kusafisha kinywa chake hawezi kuwa na akili safi. Kutokana na alama moja alitunga habari yangu yote: nyumbani kwetu, mama yangu, hata kichwa changu. Nilidhani nimekwisha kumsamehe na kumsahau, mpaka siku nilipojikuta ndani ya maabara, nami nina alama ya mtu mwingine mkononi, na kishawishi kile kile cha kutunga.

Hapana budi nieleze kwanza hiyo alama ni nini. Vinasaba vyetu, au DNA kama wengi wanavyosema, ni maandishi marefu ya herufi nne: A, C, G na T. Seli ya ini na seli ya jicho zina maandishi yale yale. Tofauti ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Mojawapo ya njia za kuzifunga ni kubandika juu ya herufi C kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, hasa pale C inapofuatwa na G. Katika maandishi ya binadamu mahali pa namna hiyo ni kama milioni 28. Herufi yenyewe haibadiliki. Ni kama mtu aliyepita na penseli pembeni mwa kitabu, akaandika: hapa ruka.

Kinachowavuta watafiti ni kwamba maisha nayo hushika penseli hiyo. Mwaka 2008 ilielezwa habari ya watu waliotungwa mimba wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945. Miaka kama sitini baadaye, alama zao katika jeni iitwayo IGF2 zilikuwa pungufu kuliko za ndugu zao wa tumbo moja ambao njaa ile haikuwakuta. Karibu na kwetu, mwaka 2012, watafiti walichapisha kazi iliyofanyika Goma, mashariki ya Kongo, kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Waliona kwamba mashaka aliyopitia mama wakati wa ujauzito, yakiwemo ya vita, yalikwenda sambamba na alama katika jeni ya mtoto iitwayo NR3C1, inayohusika na jinsi mwili unavyopokea homoni ya mfadhaiko, na pia na uzito wa mtoto alipozaliwa.

Utafiti niliokuwemo mimi ulikuwa mdogo, na nia yake ilikuwa ya jamaa hiyo. Kazi yangu ilikuwa kupokea matone ya damu ya kitovu, kuyakausha juu ya karatasi maalumu, na baadaye kuyaandaa yasomwe na mashine. Asubuhi moja, katika zahanati isiyo mbali na barabara ya Arusha kwenda Moshi, nilikuwa nikimweleza binti mmoja aliyekuja kujifungua tunachokiomba na kwamba ana haki ya kukataa. Mama yake alikuwa kando, kanga begani, akinitazama mdomoni. Nilizoea kutazamwa hivyo, nikataka kufunga kinywa.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni wa hapa hapa."

"Ndiyo, bibi. Kitovu changu kimezikwa huku."

"Basi niambie kweli. Mtarudi tena kumchukua damu huyu mtoto?"

"Hapana, bibi. Ni tone hilo moja tu, la kitovu. Mtoto hachomwi."

Akamgeukia binti yake. "Mpe. Kitovu hakikatwi mara mbili."

Meno yaliyonifukuzia heshima ugenini ndiyo yaliyonipa imani nyumbani. Niliondoka pale na kadi yenye doa moja dogo, na ahadi.

Kadi ilikaa muda mrefu kabla zamu yake haijafika. Doa lile lilitosha kukata viduara viwili tu, kila kimoja milimita 3. Seli moja ya binadamu ina vinasaba vya uzito wa pikogramu kama 6, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Maana yake, seli elfu moja zinakupa nanogramu 6. Kiduara cha kwanza, baada ya kuoshwa na kusafishwa, hakikunipa hata nanogramu 10. Ndani ya kichupa hakukuonekana kitu. Ungeapa ni maji matupu.

Njia iliyozoeleka ya kuzisoma alama hizi ilielezwa mwaka 1992 na Marianne Frommer na wenzake huko Australia. Vinasaba hulowekwa katika bisalfaiti ya sodiamu. C isiyo na alama hugeuka, na mwishoni mashine huisoma kama T. C yenye alama hubaki C. Hivyo ukilinganisha maandishi ya awali na haya mapya, unajua penseli ilipita wapi. Ni hila nzuri sana, lakini ina gharama. Kemikali hiyo, pamoja na joto lake na uasidi wake, huukatakata uzi wenyewe. Sehemu kubwa ya vinasaba, mara nyingine zaidi ya tisa katika kumi, haifiki mwisho wa safari. Mwenye gunia la mahindi hajali punje zilizomwagika njiani. Mwenye punje kumi atalala njaa.

Kisha kuna kutayarisha kile tunachokiita maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vya vinasaba vilivyo tayari kusomwa. Kila kipande sharti kifungwe adapta kwenye ncha zake zote mbili. Adapta ni kipande kifupi cha vinasaba vya kutengenezwa, na kazi yake ni kama ya mipini ya kapu: bila mipini miwili, mashine haina pa kushika.

Mwalimu wangu alikuwa amenionya nifanye mazoezi kwanza. Sikufanya. Muda wa ripoti ulikuwa umekaribia, nami nikajiona fundi. Nilifuata maelekezo kama yalivyoandikwa: kwanza adapta, kisha bisalfaiti. Sikufikiri kwamba yalitungwa kwa ajili ya wenye vinasaba vingi. Kapu lililokwisha kufungwa mipini miwili likipasuka katikati, kila nusu inabaki na mpini mmoja, na mashine haina habari nayo. Jioni nilipopima, mchoro ulionyesha mlima mmoja mwembamba upande wa vipande vifupi, na kwingineko tambarare. Zilikuwa adapta zilizofungana zenyewe kwa zenyewe. Mipini ilikuwepo, makapu hayakuwepo.

Nilikaa pale hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama nimelala. Nusu ya tone la mtoto yule nilikuwa nimeipoteza kwa haraka yangu mwenyewe, na bibi yake alikuwa ameniamini.

Asubuhi nilimweleza mwalimu wangu. Hakunifokea. Mwenzetu mmoja alishauri turudi kijijini, mtoto achomwe kisigino, tupate damu nyingine. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hiyo itakuwa damu ya leo," alisema. "Swali letu ni la siku aliyozaliwa. Isitoshe, uliahidi." Kisha akanipa makala ya Wajapani ya mwaka 2012 nikasome. Wao hawakupata kemikali ya ajabu. Walichofanya ni kugeuza utaratibu. Waliacha bisalfaiti ivunje kwanza itakachovunja, ndipo wakavifunga mipini vile vipande vilivyosalia. Hakuna kapu lililopasuka baada ya kufungwa. Kwa kufuata wazo hilo, miaka miwili baadaye wengine walifika hadi kusoma alama za seli moja moja. Siku hizi ipo pia njia ya vimeng'enya: kimoja huikinga C yenye alama, kingine huigeuza isiyo na alama, na uzi haukatwikatwi kama zamani.

Safari hii sikugusa kiduara kilichobaki. Nilijichoma kidole changu, nikadondosha damu yangu kwenye karatasi, nikaikausha, nikaipunguza hadi ikafikia kiasi kile kile, nikaanza kujifunza. Damu yangu ilipotea mara nyingi. Nilijifunza kutumia vichupa ambavyo vinasaba havigandi ukutani mwake. Nilijifunza kwamba katika kusafisha kwa shanga za sumaku, kuna hatua unayomwaga maji na kubaki na shanga, na kuna hatua unayochukua maji na kuacha shanga, na akili iliyochoka huzibadilisha. Nilijifunza kuchanganya humo kiasi kidogo cha vinasaba vya kirusi cha bakteria kiitwacho lambda, ambavyo havina alama kabisa. Vikisomwa na C zake zimegeuka zaidi ya asilimia 99, ujue bisalfaiti imefanya kazi; zikibaki C nyingi, alama unazoziona kwenye sampuli yako huenda ni uongo.

Ndipo nikakata kiduara cha pili. Maktaba ikapatikana. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya kweli.

Hapo kishawishi kikaja kwa mlango mwingine. Maktaba ndogo huzidishwa: kila mzunguko wa kunakili huongeza nakala maradufu. Ningeweza kuongeza mizunguko, na tarakimu kwenye ripoti zingenenepa. Lakini barua moja ukiitoa nakala elfu, bado shahidi ni mmoja. Kompyuta huzitambua nakala hizo na kuzifuta, na kinachobaki ni idadi halisi ya vipande vilivyonusurika ndani ya kichupa. Kwa mtoto yule, mahali pengi palikuwa na shahidi mmoja, au hakuna. Tena damu ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, kila aina na alama zake. Ukiona tofauti kati ya watoto wawili, huenda ni mchanganyiko tu unaotofautiana. Ningeweza kuandika kwamba mtoto huyu amebeba taabu za mama yake. Ingesomeka vizuri. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa bweni na kidole chake, nikaandika: data hazitoshi.

Sisemi kwamba alama hizi hazina maana. Ng'ambo ya mpaka wetu, Amboseli, nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, na kazi iliyochapishwa mwaka 2021 ilisoma alama katika damu ya zaidi ya nyani 200. Madume wenye cheo cha juu walionekana wazee kuliko umri wao, na kwa wachache waliopimwa zaidi ya mara moja, cheo kilipobadilika, saa hiyo ya mwilini nayo ilielekea kubadilika. Maana yake, penseli hii si kama floraidi kwenye jino. Baadhi ya ilichoandika huandikwa upya. Ndiyo sababu nyingine ya kutomhukumu mtoto kwa ukurasa wa siku yake ya kwanza.

Kwa idhini ya mwalimu wangu nilirudi zahanati siku ya kliniki, mikono mitupu. Bibi alikuwepo, amempakata mjukuu. Aliponiona akamkumbatia zaidi.

"Sikuja kuchukua, bibi. Nimekuja kueleza." Nikamweleza yote, hata nusu niliyoipoteza. Alinyamaza kitambo.

"Na hicho kidogo kilichobaki, kinasema nini?"

"Kikiwa peke yake, bibi, hakisemi neno juu ya mjukuu wako. Labda kikiungana na vya wengine."

"Basi msikisemeshe," akasema, akamgeuza mtoto anitazame.

Mtoto akacheka. Alikuwa na meno mawili ya chini, meupe.