Kabla hamjalipia geto, andikianeni



Mwanangu uliyemaliza mwaka wa kwanza chuoni, hosteli umekosa, sasa unatafuta chumba mtaani na wenzako. Nisikilize kidogo.

Kijana wangu alipoingia mwaka wa pili, Dar es Salaam, alinipigia simu: "Baba, tumepata chumba Sinza, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita." Nikamuuliza swali moja tu: shilingi ngapi? Nikatuma. Sikuuliza anakaa na nani, wala wamekubaliana nini.

Kumbe mwenzake hakuwa na hela. Mwanangu akamlipia kwa ahadi ya mdomo: "Bumu likitoka nitakurudishia." Bumu likatoka, mwenzake akahama kimya kimya. Kodi ilipoisha, mwanangu akafanya mitihani huku akilala kwa huyu na yule, nami sina habari. Aliona haya kuniambia. Na mimi ndiye ninayesomesha darsa la madeni msikitini!

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni. Haikuwatoa marafiki. Basi andikianeni: nani katoa ngapi, umeme analipa nani, mmoja akiondoka itakuwaje. Na wekeni mashahidi. Kuandikiana si kumdhania mwenzio vibaya, ni kuulinda urafiki.

Nawe mzazi, kabla ya kuuliza bei, uliza mwanao analala chumba kimoja na nani.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Aamin.