Baiskeli Tatu Juu ya Gari, Ndoa Moja Ndani

Kuna ndoa zinazotikiswa na nyumba ndogo na kuna zinazotikiswa na mawifi. Ya kwangu, Desemba 2023, ilitikiswa na kamba ya manila. Usicheke kwanza, nisikilize.

Tunaishi Chamazi, huku Mbagala ndani kabisa, na mume wangu anafanya kazi mjini. Anayeijua barabara ya Kilwa asubuhi hahitaji maelezo. Saa kumi na moja alfajiri ameshatoka, watoto wamelala. Anarudi saa tatu usiku, watoto wamelala. Wale wawili, mmoja miaka 11 na mwingine 7, walikuwa wanamjua baba yao kwa mlio wa geti. Ilifika mahali hata mimi nilikuwa namjua hivyo hivyo.

Baiskeli aliwanunulia yeye, za mtumba, nzuri tu. Lakini waendeshe wapi? Njia yetu ya mtaani ni mchanga wa kuzamisha tairi, na pale penye ardhi ngumu bodaboda wanapita kama wamefukuzwa. Basi zikawa zinazunguka uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Kila Jumapili utasikia, "Baba, leo unatupeleka?" Na kila Jumapili baba kachoka.

Shule zilipofungwa tukakubaliana kwenda Lushoto siku nne. Nilishapanga kila kitu, hadi masweta. Siku mbili kabla ya safari akaniambia, "Tunaenda na baiskeli."

"Ipi?"

"Zote. Na yangu pia."

Msomaji, gari letu ni IST. Nikamwambia waziwazi kwamba tutaonekana kama watu wanaopeleka mzigo gulioni. Akanyamaza, na mimi nikanuna. Kesho yake akaja na keria ya kufunga juu ya gari, kaiazima kwa rafiki yake. Nikanuna zaidi.

Usiku wa kuamkia safari alizifunga peke yake. Mimi nilikuwa dirishani jikoni, taa nimezima. Nilimwona anarusha kamba juu ya gari, anazunguka upande wa pili, anaiokota chini, anaivuta, anarudi upande wa kwanza na kukuta imelegea. Anaanza upya. Hakuniita, na mimi sikutoka. Nilijiambia, si anajifanya anaweza? Alipoingia ndani ilikuwa kama saa sita, mikono imechubuka. Akalala bila neno.

Alfajiri tukaondoka. Mandela, Ubungo, Kibaha, watu wazima wawili ndani ya gari moja, hatusemezani. Kuanzia Mlandizi kitu kikawa kinavuma juu ya vichwa vyetu.

"Kamba inalia," nikasema.

"Upepo," akajibu.

Maneno matatu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu hadi Chalinze.

Pale tukakata kulia kuelekea Segera. Mbele kidogo basi likatupita kwa kasi, gari likayumba, kisha tukasikia kishindo. Mdogo akapiga kelele, "Mama, baiskeli yangu inachungulia dirishani!" Kweli. Ilikuwa imechomoka, inaning'inia upande wa kulia kwa kamba moja, tairi linazunguka kwenye kioo chake.

Mume wangu akapunguza mwendo, akawasha taa za hatari. Kabla hatujasimama, kamba ikakatika na baiskeli ikaanguka barabarani. Nyuma yetu kulikuwa na bodaboda, amebeba mama, na yule mama ana mtoto mgongoni. Kijana akakwepa. Mpaka leo sijui alikwepaje. Pikipiki iliingia kwenye majani, ikayumba, ikasimama. Hakuna aliyeanguka.

Tulikimbia kuwafuata. Mume wangu anaomba radhi huku anatetemeka, maneno hayatoki vizuri. Yule mama alimshusha mtoto, akamkagua kichwa hadi miguu, akamfunga upya kwenye kanga yake. Kisha akatutazama wote wawili. "Mzigo unafungwa, jamani," akasema. Wakaondoka.

Hapo nilikuwa na lile neno mdomoni: si nilikwambia? Wanawake wenzangu mnalijua lilivyo tamu. Lakini nikamkumbuka mtu mmoja aliyesimama jikoni gizani, akitazama kamba inavyolegea. Nikamwambia mume wangu, "Nilikuona jana usiku. Nilitakiwa kutoka nikusaidie." Hakujibu. Akanishika mkono tu, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho lilikuwa lini.

Mbele yetu lilikuwa limeegeshwa lori, na utingo wake alikuwa ameona kila kitu. Akaja, akaitazama kazi yetu, akatikisa kichwa.

"Bosi, hapa ulifunga peke yako, eh?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana. Kamba inataka wawili. Mmoja anarusha, mwenzake anadaka, anakaza. Ukizunguka mwenyewe, huku unavuta, kule kumeshalegea. Dada, pita upande ule."

Nikapita upande ule, na gauni langu la safari. Akafumua zote na kutufundisha upya. Baiskeli moja itazame mbele, ya pili nyuma, ili mishikio isigombane. Katikati weka kitambaa kizito zisisuguane. Kamba ishike fremu, usiishie kufunga tairi. Kila baiskeli ifungwe sehemu mbili zinazojitegemea, moja ikikatika nyingine ibaki imeshika. Na usiogope kusimama baada ya kilomita chache, maana kamba mpya hunyooka ikishavutwa na upepo. Tulimpa hela ya soda, akatuaga kwa honi ya lori.

Kutoka hapo nikawa mkaguzi. Segera tulisimama, nikashuka na kutikisa. Korogwe tena, huku mashamba ya mkonge yametuzunguka. Mombo mara ya mwisho, kabla ya zile kilomita 33 za kona za kupanda, kupita Soni, hadi Lushoto. Kila nikirudi ndani ananiuliza, "Vipi?" Namjibu, "Zipo." Na katikati ya vipi na zipo, tukajikuta tunaongea mambo mengine.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna ukungu, na watoto wa Dar waliona moshi unatoka midomoni mwao wakadhani wanaumwa. Mume wangu aliwapeleka kwenye njia tambarare, mbali na magari. Mkubwa hakuhitaji msaada. Mdogo ndiye aliyeshikwa siti, baba anakimbia nyuma yake huku anahema, mpaka alipoachia bila kusema. Mtoto akaenda peke yake kama mita hamsini ndipo akageuka kutazama. Akaanguka, akainuka anacheka.

Jioni nikamuuliza kwa nini alizing'ang'ania vile baiskeli. Akaniambia baba yake alimfundisha kwa baiskeli kubwa ya Phoenix, yeye mfupi, mguu mmoja anaupitisha katikati ya fremu ili afikie pedeli. "Mzee alifariki nikiwa darasa la nne," akasema. "Sura yake naanza kuisahau. Ule mkono kwenye siti sijausahau." Miaka 13 ya ndoa, hilo nilikuwa silijui. Nilikuwa nimeona vyuma juu ya gari tu.

Nawaombeni, wanandoa wenzangu mnaopanga likizo na watoto. Kama mnabeba baiskeli, soma kwanza kitabu cha gari ujue paa linabeba kilo ngapi, funga mchana wakati mnaona, na mfunge wawili. Kama mmekasirikiana, funga kwanza mzigo, kununa mtaendelea baadaye. Anayefuata nyuma yenu barabarani hajui kama mna ugomvi.

Siku ya kurudi alirusha kamba, nikaidaka upande wangu. "Kaza," akasema. Nikakaza mpaka viganja vikauma. Tulifika Chamazi usiku, baiskeli zote tatu juu.

Mume wangu bado anarudi saa tatu. Ila Jumapili alfajiri, kabla bodaboda hawajaamka, anawapeleka watoto kwenye uwanja wa mpira. Na siku hizi geti likilia usiku, sisubiri ndani. Natoka kwenda kulifungua.