Diski ya Zamani Nayo ni Amana



Wengi wenu mnatujua. Sisi ni ndugu wawili, tunapamba maharusi hapa Unguja na kuwapiga picha kwenye sherehe za wanawake watupu. Mwaka huu laptopu yetu ilichoka. Tukiiwasha, tunateleka chai, tunakunywa, bado haijawaka.

Fundi akatwambia mashine ni nzima, kinachoichelewesha ni diski ya kizamani yenye sahani zinazozunguka. Tuweke SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani. Tukafurahi, mpaka aliposema: "Hiyo ya zamani niachieni, nitakupunguzieni bei."

Tukatazamana. Ndani yake mlikuwa na picha za maharusi wetu, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, mama na mawifi wakicheza. Walivua mabaibui mbele yetu kwa kutuamini. Tukasema tutazifuta kwanza. Fundi, Allah amlipe kwa ukweli wake, akasema haitoshi. Faili likifutwa huondoka kwenye orodha tu, lenyewe hubaki mpaka jengine liandikwe juu yake. Mwenye programu ya kurejesha anaweza kulipata.

Tukarudi nayo nyumbani, na swali likatukaa kooni: kwa nini picha za watu bado tunazo miaka yote hii?

Tukawapigia simu mmoja mmoja. Mmoja ndoa yake imevunjika, akasema, "Zifuteni zote, dada zangu." Mwengine akalia. Mama yake ameshafariki, na picha zake za mwisho akicheka ziko kwetu. Tukampelekea zote.

Ndipo tukanunua SSD ya inchi 2.5, inayokaa palepale pa diski ya zamani, pamoja na waya wa kuiunganisha kwa USB. Tukahamisha tulivyoruhusiwa tu, tukahakikisha vinafunguka. Tukazima mashine, tukachomoa chaja na betri, tukafungua skrubu, tukabadilisha. Diski ya zamani tukaipitisha programu inayoandika upya juu ya kila sehemu yake. Hatukuiuza.

Sasa laptopu inawaka kabla birika halijachemka. Lakini kilichotutua moyo si hicho. Allah ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, turudishe amana kwa wenyewe.

Bibi harusi, kabla hujavua mtandio mbele ya kamera, uliza: picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na mashine ikiharibika itashikwa na nani? Utuulize hata sisi.

Allah atusitiri sote. Amin.